Mstari wa Tatu: Safari ya Kumrudisha Mwenyekiti

Niliondoka Susuni Jumamosi asubuhi kwenda kumwomba msamaha mtu niliyemchukia msimu mzima. Hili nalisema mapema ili ninyi wa Tukuyu, mnaodhani nimeletwa huku Mara kuchoma sindano tu, mjue kwamba nina kazi nyingine isiyo na mshahara na yenye maadui wengi. Mimi ni katibu wa mashabiki wa timu ya mpira ya Matongo. Nilifanya kazi zahanati ya huko miaka mitatu kabla ya kuhamishiwa Susuni, na uhamisho ule ulihamisha masanduku yangu tu. Timu inaitwa Chuma, na mashabiki wananiita Nesi Spika, kwa sababu spika ya mkono huwa ninaishika mimi.

Kisa chenyewe ni hiki. Katikati ya msimu mwenyekiti wetu, Mzee Nyamhanga, aliuza kipa. Wiki mbili baadaye akauza mshambuliaji. Habari zote mbili tulizisikia redioni kama watu baki. Kisha akamfukuza kocha tuliyempenda. Tukaomba mkutano wa wanachama, akasema yuko shambani. Tukaomba tena, akasema ana mgonjwa. Kila Jumamosi tulikuwa tunashuka kwenye msimamo wa ligi ya mkoa, na hapakuwa na mtu wa kutuambia kwa nini. Jamani, shabiki asiyejibiwa anaumia vibaya, na mimi nikiumia mdomo haukai kimya.

Basi nikatunga wimbo. Mstari wa kwanza: kauza kipa. Wa pili: kauza straika. Wa tatu ulikosekana, nikaujaza jikoni nikisubiri maji yachemke: kesho atauza na binti yake. Mechi yetu ya mwisho ya nyumbani niliuanzisha kwenye spika, na uwanja mzima ukaitikia. Mzee Nyamhanga aliinuka, akazunguka nyuma ya goli, akapanda pikapu yake akaondoka. Tulishangilia kuliko siku tuliyowahi kufunga mabao manne.

Sikujua kwamba wazee watatu waliokaa naye siku ile walikuwa wakwe. Walikuwa wametoka Mugumu kuja kuzungumza mahari ya binti yake, Ghati, naye akawapeleka kwanza uwanjani ili waone anavyoheshimiwa na watu wake.

Hayo niliyajua baadaye, pamoja na jambo lingine. Timu zetu ndogo hazina ofisi. Leseni za wachezaji, zile kadi zenye picha ambazo kamisaa wa mchezo huzikagua kabla ya mpira kuanza, hukaa zote kwenye mkoba mmoja, na mkoba hukaa kwa mwenyekiti. Mzee Nyamhanga alikuwa amejifungia kwenye boma lake la Kisaka, ng'ambo ya Mto Mara, na mkoba ameondoka nao. Simu hapokei. Mechi ya mwisho ni Jumamosi saa kumi jioni, Mugumu. Tukipata sare tunabaki kwenye ligi. Bila leseni hachezi mtu, tunapewa kipigo cha mezani, tunashuka daraja. Wanachama walikaa, wakanitazama, na uamuzi ukatoka bila kura: wewe ndiye uliyemfukuza, wewe kamrudishe.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa barabarani. Susuni kulikuwa na umande hadi kwenye majani ya mihogo, na wanawake walishaanza kuelekea mashambani na majembe begani. Mwita, kijana wa bodaboda ninayemwamini kwa safari ndefu, alinipitia nyumbani. Nilimweleza tunakokwenda. Akazima pikipiki.

"Kwa Nyamhanga? Nesi, mimi nitakushusha barabarani. Pikipiki nitaielekeza kabisa Matongo, tayari kwa kukimbia."

"Tutakimbia wote."

"Wewe umevaa sketi, mura. Utaachwa."

Mura ni kijana wa kiume kwa Kikurya, ila Mwita akiwa na wasiwasi anamwita kila mtu hivyo.

Saa moja na nusu tulipita Tarime mjini, tukanywa chai ya haraka na chapati, kisha tukashika njia ya Nyamongo. Vumbi la barabara ile si utani. Magari makubwa yanayokwenda mgodini yakikupita, unafunga macho na kumwachia Mungu kona inayofuata. Nilikuwa nimeshika mfuko wenye spika kifuani. Kwa nini niliibeba? Nadhani niliona aibu kwenda mikono mitupu.

Saa tatu kasorobo tulifika Matongo. Mashabiki walikuwa wamejaa kando ya lori tulilokodi, wengine wamejipaka rangi ya timu usoni, wanasubiri saa tano ili waondoke kwenda Mugumu. Wambura, makamu wangu, mchimbaji mdogo mwenye sauti ya kuita watu mlima hadi mlima, alinivuta pembeni.

"Unakwenda kuchukua mkoba," alisema. "Mkoba tu. Usianze mambo ya msamaha."

"Wambura, tulimtukania mtoto."

"Na yeye ametutukania timu. Tumeomba mkutano mara ngapi? Mara mbili! Leo ukimpigia magoti, kesho nani atamwuliza straika wetu yuko wapi? Atasema, si mliniomba radhi?"

Alikuwa na haki. Hilo ndilo lililonitesa njia nzima. Kama Mzee Nyamhanga angekuwa kiongozi mzuri aliyeonewa, ningekwenda kumwangukia miguuni nikarudi nikalala usingizi. Lakini alikuwa kiongozi mbovu aliyeonewa.

Saa nne tulivuka Mto Mara. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na ng'ombe wengi walikuwa wanateremshwa upande wa pili kunyweshwa. Mwita alipunguza mwendo darajani, akasema hapa ndipo mwisho wa Tarime, sasa tuko Serengeti, kama kuna sala basi niiseme upande huu. Niliisema.

Saa nne na nusu, Kisaka. Tuliulizia mara moja tu. Kila mtu alilijua boma la Nyamhanga. Mwita alifanya kama alivyoahidi, akageuza pikipiki ikatazama tulikotoka. Niliingia peke yangu. Msichana mrefu aliyekuwa anaanua mtama akasimama kunitazama. Nilijua ni Ghati kabla hajataja jina, maana paji la uso lilikuwa la baba yake.

"Wewe ndiye Nesi Spika," alisema.

"Ndiyo. Naitwa Atupele."

"Wimbo wako ni mzuri. Hata mimi nimeushika kwa moyo." Hakuwa anacheka. "Wageni walirudi hapa kuchukua mizigo yao. Chakula kilikuwa tayari, mbuzi amechinjwa. Wakaomba maji, wakanawa mikono, wakaaga. Hawakugusa hata tonge moja. Unajua maana yake huku kwetu?"

Nilisema sijui, ingawa nilihisi.

"Mtu akinawa asile kwako, amemaliza na wewe. Mchumba wangu ananipigia simu kwa kujificha. Baba yake amesema hataki mwanawe aoe kwenye nyumba inayoimbwa."

Nilitaka ardhi inimeze. Nilikuwa nimeona wimbo ule kama kiatu nilichomtupia mwenyekiti, na muda wote huyu dada niliyemzidi miaka michache tu ndiye aliyekuwa amesimama mbele yake. Nilimwambia pole. Akasema baba yuko zizini.

Mzee Nyamhanga alikuwa ameinama juu ya ndama aliyefungwa miguu, ana bomba la sindano mkononi. Nikamwamkia. "Marahaba," alijibu bila kugeuka, na hakunionyesha pa kukaa.

"Mzee, nimekuja..."

"Umekuja kwa ajili ya mkoba. Ungekuja kwa ajili yangu, ungekuja siku ya pili yake."

Alichoma sindano, ndama akaruka, sindano ikatoka na dawa nusu ikamwagika. Alijaribu tena, sindano imelala vibaya. Mimi nina kasoro zangu, lakini siwezi kutazama sindano ikichomwa vibaya.

"Mzee, nipe mimi. Utaivunjia ndani ya nyama."

Akanipa. Nilimchoma ndama, nikasugua, nikamfungua kamba. Akanyanyuka akakimbilia kwa mama yake. Mzee alifuta mikono kwenye suruali na ndipo akanisogezea kigoda.

"Sikiliza, nesi. Sitaki unipigie magoti hapa. Hapa anaona nani? Ng'ombe? Ulisema kwa spika, futa kwa spika. Uwanjani, watu wakiwepo. Wale wakwe wanaishi Mugumu, nitawatumia neno waje. Ukifuta, kamisaa anapata mkoba. Usipofuta, mimi na mkoba wangu tunarudi Kisaka."

"Na wachezaji, Mzee? Wamekosa nini?"

"Na Ghati alikosa nini?"

Saa saba tuliondoka kwa pikapu yake. Mwita alifuata nyuma na pikipiki, na nina hakika alifurahi kuliko mtu yeyote katika safari hii. Mbele tulikaa watatu, mzee kwenye usukani, Ghati katikati, mimi dirishani, mkoba mweusi umelala miguuni kwa Ghati. Ulikuwa umbali wa mkono wangu tu. Nakiri niliupigia hesabu. Ghati alifuata macho yangu, akauvuta karibu na kisigino chake.

Njiani nilijaribu kuzungumza. Nilimwambia mzee kwamba kumfuta binti yake kwenye wimbo nitamfuta, tena kwa moyo, lakini kipa na straika siwezi kuwafuta kwa sababu kweli waliuzwa na kweli hatukuambiwa. Alikaza meno. Tulipita mashamba ya mahindi yaliyokauka na vituo viwili vitatu vya maduka.

"Sema hivyo hivyo," alisema. "Usipunguze, usiongeze."

Saa tisa tulikuwa Mugumu. Uwanja ulishajaa. Upande wa wenyeji waliimba zao, upande wetu lori la Matongo lilikuwa limesimama nyuma ya goli na Wambura juu yake. Wachezaji wetu walikuwa wanapasha misuli moto huku wanatazama lango, maskini, kila gari likiingia wanasimama. Pikapu ilipoonekana walipiga makofi. Mashabiki walipoona nani anaendesha, makofi yakageuka mbinja.

Kamisaa, mtu mwembamba mwenye faili kwapani, alikuja mbio. "Leseni ziko wapi? Saa tisa na nusu nafunga ukaguzi. Sisubiri timu mimi."

Nilitazama saa yangu. Dakika ishirini. Mzee Nyamhanga alishuka na mkoba, akaukumbatia, akasimama kando ya mstari wa pembeni. Wakwe walikuwa hawajafika.

Sijui kama mmewahi kuona watu zaidi ya mia wakikutazama wewe na mkoba kwa zamu. Wambura aliteremka kwenye lori akanijia. Nilimweleza masharti yote. Uso ulimbadilika.

"Amekununua?"

"Hajaninunua. Wambura, yule dada amevunjiwa uchumba."

"Ukishika hiyo spika umtetee Nyamhanga, usirudi na gari letu. Nakwambia mbele ya watu."

"Sitamtetea."

"Watu watasikia msamaha tu. Hawatasikia kingine. Wewe si ndiye unayewajua wakisikia spika?"

Alikuwa na haki tena, na nilimchukia kwa hilo.

Saa tisa na dakika ishirini wazee watatu waliingia kwa miguu, mmoja amevaa koti zito na kofia ya pama juani. Ghati aliinamisha kichwa. Huyo wa koti ndiye baba wa mchumba wake. Walisimama mbali kidogo na pikapu, kama watu wanaopita tu.

Nilitoa spika kwenye mfuko. Kitufe kilinishinda mara ya kwanza. Mashabiki wa Matongo walidhani naanzisha wimbo, wakaanza kupiga makofi ya kuitikia. Hilo liliniuma kuliko mbinja.

"Mimi ni Atupele," nilisema. "Wimbo wa Mzee Nyamhanga nimeutunga mimi. Mstari wa kwanza na wa pili ni habari za timu, na wanachama tunadai majibu kwake, leo na kesho. Mstari wa tatu ni uongo, na ni tusi. Niliutunga jikoni kwangu bila kumjua Ghati. Baba yake hajamuuza na hamuuzi. Namwomba radhi Ghati. Namwomba radhi baba yake. Nawaomba radhi wageni wake."

Sauti ya kwanza kunijibu ilitoka juu ya lori: "Kanunuliwa!" Kisha ikawa kelele moja tu. Chupa ya maji ilipita karibu na sikio langu ikaangukia kwenye nyasi.

Baba wa mchumba alisimama vile vile. Ghati alichukua mahindi ya kuchoma aliyoyanunua getini, akaenda kwa wazee wale, akapiga goti, akayanyoosha kwa mikono miwili. Kamisaa aliangalia saa. Yule mzee alivua kofia, akaipachika kwapani, akapokea hindi moja, akalivunja vipande viwili. Kimoja akampa mwenzake. Akang'ata, akatafuna.

Mzee Nyamhanga akamkabidhi kamisaa mkoba.

Mpira wenyewe ulikuwa mbaya kutazama. Tulifungwa mapema, kipa wetu mpya akidaka hewa, na upande wetu wakamtazama mwenyekiti, si kipa. Tulisawazisha kipindi cha pili kwa kona iliyomgonga beki wao kwenye goti ikaingia. Dakika za mwisho niliziangalia nimejifunika kitenge kichwani. Filimbi ilipolia ilikuwa sare ya bao moja kwa moja, tumebaki kwenye ligi. Wachezaji walilala chini. Mashabiki walivamia uwanja, wakabeba kila mtu, hata Mwita walimbeba. Mimi hakunigusa mtu.

Saa kumi na mbili kasoro dakika chache nilikwenda kwenye lori na mfuko wangu. Wambura alikuwa amesimama kwenye ngazi. Hakunitukana. Alitikisa kichwa tu, kisha akatazama pembeni kama mtu anayeona haya. Nikarudi kwenye pikapu.

Njia ya kurudi tulikuwa wale wale watatu, na mkoba, Mzee akinifikisha hadi Matongo na Mwita akifuata na pikipiki. Jua lilikuwa chini, vumbi limekuwa jekundu. Kabla ya daraja la Mto Mara lori likatufikia. Wanaimba. Nilijua sauti ya kila mmoja wao, na wimbo niliujua kuliko wote.

Kauza kipa. Kauza straika. Na nesi naye kanunuliwa!

Lori lilitupita polepole kwa makusudi. Nilitazama mbele. Ndani ya gari wimbo ule unasikika tofauti kabisa. Ukiwa unauimba, unasikia watu wengi walio upande wako. Ukiwa unaimbwa, unasikia jina lako tu.

Ghati alinishika goti. "Huu mstari wao haufiki hata robo ya ule wako," alisema, nami nikacheka na kulia kwa pamoja, mambo ambayo sikuyafanya hata nilipofiwa na baba.

Mzee Nyamhanga alingoja lori litoweke. "Kipa aliomba mwenyewe kuondoka," alisema ghafla. "Mama yake ni mgonjwa, alitaka timu ya karibu na kwao. Nilipaswa kuwaambia. Straika..." Alipunguza mwendo, tukaingia darajani. "La straika nilikosea. Niliona aibu kulisema."

"Liseme kwenye mkutano, Mzee."

"Niiteni, nitakuja. Lakini uache hiyo spika nyumbani."

Jumapili iliyofuata alikuja kweli. Tulikaa darasani, shuleni Matongo, nikamwuliza maswali mawili kwa mdomo mtupu. La kipa alilijibu vizuri. La straika alilijibu huku jasho linamtoka, na wanachama wakamwambia waziwazi kwamba haliwatoshi, na kwamba leseni kuanzia leo zitakaa shuleni kwa mwalimu mkuu. Akakubali. Wambura alikaa upande wangu bila kunisemesha, ila tulipotoka alinibebea mfuko wa madaftari hadi kwenye pikipiki. Harusi ya Ghati ni baada ya mavuno, na nimealikwa.

Ningependa kuwaambia yameishia hapo. Lakini Jumanne ni siku ya kliniki ya watoto hapa Susuni. Mama mmoja ambaye sijawahi kumwona alileta mtoto wake kupimwa uzito. Mtoto alipowekwa kwenye mzani akalia, na mama akamtuliza kwa kumwimbia kidogo kidogo, anamgusagusa miguu: kauza kipa, kauza straika, kesho atauza na binti yake.

Nikamwuliza wimbo huo ameutoa wapi.

"Sijui, nesi," alisema. "Ni wimbo wa mpira tu."

Nilimwambia mstari wa tatu si kweli. Akanishangaa. Nikasoma mzani, kilo saba na nusu, nikaandika kwenye kadi, nikaita anayefuata.